Vita ikiwa mlangoni, zuzi (hakimu) anasikiliza nani: sheria ao kelele ya raia?

Mutoto wa Birere: Bandugu, niko na swali, tusitukanane. Tarehe 30 mwezi wa tisa 2025 tribinali kubwa ya jeshi kule Kinshasa ilikata Joseph Kabila, rais wa zamani wa Congo yetu, hukumu ya kifo kwa usaliti, mwenyewe hayuko, avoka (wakili) hana, na mabilioni ya dola ya kulipa. Mwaka wa mbele yake, 2024, mwezi wa nane, ilikuwa Nangaa, kiongozi wa waasi, na wenzake, naye hakuwapo. Kwenye simu wengine walifurahi, wengine walikasirika, sikuona hata mmoja mwenye kuuliza ushahidi ulikuwa gani. Katiba artikle 149 inasema tribinali inajitegemea, 151 inasema serikali haiwezi kuamuru zuzi. Sasa wakati wa vita, raia wote wanataka kichwa cha mtu, zuzi ni jenerali, cheo chake kinatoka kwa rais, huyo atathubutu kusema "hana kosa"? Mimi sitetei mtu, nauliza juu ya tribinali.

Ya Kadutu: "Mimi sitetei mtu", hayo njo maneno ya kwanza ya kila mwenye kutetea mtu. Huyo muzee alifika Goma mwezi wa tano 2025, mji uko mikononi mwa waasi wa M23, akaketi na viongozi wa dini mchana kweupe, tuliona mapicha. Unataka ushahidi gani tena? Huku Bukavu tunazika watu. Zuzi alisema kile raia tulishasema zamani, tatizo iko wapi?

Wa Katuba: Tatizo njo hiyo umeandika wewe mwenyewe, zuzi kusema kile raia wamesema. Sasa alikuwa na kazi gani pale? Na musiangalie bakubwa tu. Butembo, mwezi wa saba 2024, askari 25 walikatwa kifo kwa kukimbia adui, kesi siku moja! Siku moja! Kwetu hata mutu akiiba kuku ya jirani bazee banamusikiliza siku tatu. Na walipeleka mpaka bibi zao mbele ya zuzi, bahati wale waliachiliwa. Mutu hajalipwa, hana chakula, jenerali wake hajulikani iko wapi, yeye njo anafungwa juu raia wa mitandao wanataka jina la msaliti.

Mama Keshero: Wewe wa Lubumbashi nyamaza kidogo. Mulikuwa munalala na taa inawaka wakati sisi tunalala chini ya kitanda. Wale askari walipokimbia walituacha na nani? Nilitoka kambi na watoto mgongoni, nikaona wenye bunduki wananipita mbio. Wananipita mimi! Na leo unakuja kunifundisha huruma kwao.

Wa Katuba: Mama, pole sana, lakini musitufanye sisi wageni wa inchi hii. Kilwa unaijua? Mwezi wa kumi 2004, kando ya ziwa Mweru, jeshi letu lenyewe liliingia likaua raia, MONUC, watu wa Umoja wa Mataifa, ilihesabu zaidi ya 70. Magari ya kampuni ya mgodi, Anvil Mining, yalibeba askari. Kesi ilikuja hapa hapa kwetu, tribinali ya jeshi ya Katanga, 2007: kwa mambo ya Kilwa hakuna aliyefungwa. Hakuna! Nani alikuwa rais? Huyo huyo munayemutaja hapa. Ilibidi watu waende mpaka kwenye Tume ya Afrika ya haki za binadamu, na 2017 ndio ikatangaza kwamba serikali ilipe dola milioni 2,5. Kwa hiyo risasi tunazijua, na zuzi wa jeshi tunamujua zaidi.

Ya Kadutu: Basi vizuri, alipika chungu hicho, naye akule.

Wa Katuba: Na wale walikufa Kilwa wanapata nini wewe ukifurahi?

Ya Kadutu: Sijasema nafurahi. Usiniwekee maneno mdomoni.

Avoka wa Ibanda: Niongeze kidogo juu ya sheria. Artikle 156: tribinali za jeshi ni za jeshi na polisi. Wakati wa vita ao état de siège (jeshi kutawala jimbo) rais anaweza kuzipa kesi za raia pia, lakini haki ya kukata rufaa haiguswi. Artikle 61 inarudilia hivyo hivyo, na haki ya kujitetea, na uhai. Nord-Kivu iko ndani ya état de siège tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, wengi wamekwisha kuzoea wanafikiri askari kuhukumu raia ni kawaida. Si kawaida.

Ya Kadutu: Avoka, nyinyi munakula pande zote. Mwizi anawalipa, aliyeibiwa anawalipa. Musituletee artikle hapa.

Avoka wa Ibanda: Kaka, hilo nalikataa. Mwaka 2017 ile kesi ya Kavumu, watoto wadogo waliobakwa, nani alikaa na wale wazazi miaka yote hiyo? Ma-avoka, waganga wa hospitali ya Panzi, watu wa mashirika. Zuzi wa jeshi wa Sud-Kivu alifunga mheshimiwa mdeputé (mbunge) maisha yote, na milisia yake. Ilikuwezekana juu dosye ilikuwa nzito, watoto walilindwa, watetezi walisikilizwa. Hakuna aliyepiga kelele tu akashinda. Utuombe radhi.

Ya Kadutu: Siombi. Nilisema wengi, sikusema wote.

Mama Keshero: Hukusema wengi. Soma ulichoandika.

Mutoto wa Birere: Turudi jamani. Mfano mwingine, 30 mwezi wa nane 2023, hapa Goma, wale wa kanisa waliuawa kwa risasi za jeshi, zaidi ya 50. Mwezi na siku chache tu koloneli Mikombe alikatwa kifo, kesi mbele ya watu wote. Nami nilikuwa kati ya wenye kushangilia. Swali langu: ile haraka ilitoka kwa sheria, ao kwa sababu mji ulikuwa unachemka na uchaguzi unakaribia?

Wa Katuba: Na wale Wamarekani 3 wa ile kupindua serikali ya 2024? Kifo, halafu mwezi wa nne 2025 ikageuka kifungo cha maisha, wakapandishwa ndege kwao. Rais ana haki ya kusamehe, sawa, artikle 87. Lakini wale 25 wa Butembo ubalozi wao ni upi?

Ya Kadutu: Muko munachanganya mambo. Moratoire ya kifo, ile ya kutotekeleza hukumu hiyo, ilikaa tangu 2003, 2024 ilitolewa juu ya usaliti. Mwenye kusaliti ajue.

Mama Keshero: Ya, unanichosha. Nilitaka wale askari wahukumiwe, bado nataka. Lakini na mkubwa aliyewaacha bila risasi naye asimame pale, nimuulize mbele ya zuzi. Hilo hamulisemi. Na sasa hata nikitaka kushitaki, niende wapi? Tangu mwezi wa kwanza 2025 Munzenze, gereza ya Goma, ilifunguka, waliofungwa tunakutana nao sokoni. Kuna mtu amejenga kwenye kiwanja cha marehemu bwana wangu, naambiwa niende kwa wenye mji wa sasa. Wakinipa haki, serikali ikirudi watasema mimi nilishirikiana nao. Avoka, nifanye nini?

Avoka wa Ibanda: Mama, zuzi anawekwa na rais kwa pendekezo la Conseil supérieur de la magistrature (baraza la mazuzi), artikle 82. Anayeketi pale bila hiyo si zuzi, na karatasi yake sheria yetu haitaitambua. Weka karatasi zote za kiwanja mahali salama, piga picha, andika majina ya majirani wanaojua mpaka.

Ya Kadutu: Kwa hiyo asingoje, asishitaki, apige picha?

Avoka wa Ibanda: Nimesema aweke ushahidi. Wewe una njia nyingine?

Mama Keshero: Picha nimeshapiga. Ukuta umefika kwenye dirisha.