Tupeane uzoefu: hotuba za hasira kwenye mikutano mikuu ya vyama zilikufanya nini wewe mpiga kura?

Mkaa Kisenyi (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu. Uchaguzi wa Januari 2026 hapa Uganda umepita, mabango yanachanika ukutani, na majirani waliokuwa wamenuniana wameanza kuazimana chumvi. Kabla hatujasahau, tuzungumze kuhusu ile mikutano mikuu ya wajumbe: viwanja vya Kololo na Namboole, makao makuu ya vyama, popote ilipofanyika. Mnaijua ilivyo. Muziki saa tatu, mgeni rasmi anafika saa nane, kisha anapanda mtu jukwaani na badala ya kusema chama kitafanya nini anaanza kumchambua mpinzani, mara nyingine mpinzani wa chama hichohicho. Ukumbi unalipuka kwa vigelegele.

Swali langu ni kwa sisi tulio nje ya ukumbi, na kwa wajumbe waliorudi nyumbani na kukaa na watu. Hotuba ile ilikubadilisha? Ilikupeleka kupiga kura, ilikulaza nyumbani, au ilipita tu?

Kumbukeni mikutano hii kwetu ilikatika kwa miaka. Katiba ya 1995, ibara ya 269, ilivikataza vyama kufanya mikutano ya wajumbe, kufungua matawi na kusimamisha wagombea. Mlango ulifunguka baada ya kura ya maoni ya Julai 2005. Vijana wetu wanadhani mambo haya yapo bila kukatika tangu enzi za babu.

Masharti: leta kisa chako mwenyewe. Aliyetukana na aliyetukanwa wasitajwe kwa jina, wala chama. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta iliyorekebishwa 2022 haijalala, na mimi nina watoto.

Mjumbe wa Arua

Nianze mimi, maana nilikuwa ndani.

Tulitoka Arua jioni kwa basi, wajumbe wa gombolola (tarafa ndogo) kadhaa tumebanana, asubuhi tuko Kampala. Tulilala kwenye darasa la shule, magodoro chini, maji ya kuoga kwa foleni. Sikulalamika. Kwa mtu wa kijijini kuitwa mjumbe ni heshima. Kabla sijaondoka, watu wa muluka wetu, yaani vijiji vyetu vya jirani, walikuja nyumbani kuniaga, na mama mmoja mzee akanipa ujumbe: nikawaulize wakubwa kuhusu kituo cha afya, maana dawa zinaisha katikati ya mwezi na wajawazito wanapelekwa hospitali kwa boda usiku.

Siku ya mkutano nilikaa mbali na jukwaa lakini spika zilikuwa nzuri. Msemaji wa kwanza alisalimia kwa lugha nne. Wa pili akaanza. Alimtaja mshindani wake, akasema habari za ndoa yake, za mama yake, za kabila la mkewe. Akamwita mgonjwa. Akasema mtu wa namna hiyo hata choo cha soko asikabidhiwe. Wajumbe walisimama juu ya viti. Mimi nami nilisimama, maana ukikaa wakati wote wamesimama, walio nyuma yako wanakuangalia vibaya na kuuliza wewe ni wa kambi gani. Hili watu wa nje hawalijui: makofi ya ukumbini si yote ya kukubali, mengine ni ya usalama.

Nilirudi. Jioni ile watu walikuja kusikia habari. Nikawaeleza nani kasema nini, vijana wakacheka sana, wakaomba nirudie. Yule mama alingoja kicheko kiishe, akauliza, "Na dawa, mwanangu, walisemaje?" Sikuwa na jibu. Kwenye mkutano wote hakuna aliyetaja dawa mahali niliposikia. Akaitikia "haya," akaaga.

Siku ya kura, mimi ndiye nilikuwa nazunguka kuwakumbusha watu wetu. Nilimkuta anapura ufuta. Nilimwambia mama twende, kituo si mbali. Akanijibu bila kunikasirikia: "Nenda wewe uliyeitwa kwenye ugomvi wao. Mimi hawajaniita." Na hakwenda. Mama huyu alikuwa kwenye mstari kabla jua halijatoka kila uchaguzi tangu nipate akili mimi. Hakwenda upinzani, wala hakubadili rangi ya fulana. Alikaa tu. Kina mama wa kikundi chake cha kuweka akiba nao, wengi walikaa.

Mama Mitumba, Busia

Pole mjumbe. Kwangu ni kinyume, mimi nilikwenda, tena mbio.

Kuna bwana alisimama kwenye mkutano wa chama chake akasema mpinzani wake hana watu, kura zake ni za "wachuuzi wa magendo wa mpakani." Ukumbi ukacheka. Ile video ikafika sokoni kabla ya saa ya chakula. Sasa ndugu zangu, mpakani hapa nani si mchuuzi? Mimi navusha bidhaa nina karatasi zangu, nalipa ninachotakiwa, nasimamishwa juani na mwenye sare ninapoonewa. Halafu mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe ananiita magendo ili apigiwe makofi!

Yule mpinzani wake mimi nilikuwa simtaki. Mtu wa maneno mengi, ahadi za kisima kila uchaguzi. Lakini nilimpigia. Sikumpigia kwa kumpenda, nilimpigia kwa sababu tusi lililorushwa kwake liliniangukia mimi. Jirani yangu wa nyanya hivyohivyo. Wa viatu hivyohivyo. Wanasiasa wanadhani wanamtukana mtu mmoja, hawahesabu walio nyuma yake.

Boda wa Jinja

Naona wote mnalaumu hasira. Mimi hasira ndiyo iliyonisajili.

Kabla ya uchaguzi wa 2021 sikuwa nimewahi kujisajili kupiga kura, nilikuwa nasema siasa ni ya wazee. Siku moja pale stendi yetu mwenzangu akafungua simu, msemaji yuko mkutanoni anafoka mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Alikuwa anawataja watu kwa majina na kusema wamekula nini. Je, alikuwa mstaarabu? Hapana. Alisema jambo jipya? Hapana, sote tulilijua. Lakini kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mkubwa mwenye hasira yangu. Nikaenda kusajiliwa, na Januari 14, 2021 nikapiga kura, intaneti imezimwa, sijui hata kinachoendelea mtaa wa pili.

Kwa hiyo mjumbe, yule mama alikaa, sawa. Ila kwa kila mama aliyekaa labda kuna boda mmoja aliyesimama. Mkitaka hotuba tamu za uji wa watoto, sisi tutalala.

Mwalimu, Mbale

Boda, hoja yako ina uzito kuliko unavyodhani, na watafiti wa Marekani wamebishania jambo hilohilo tangu miaka ya 1990. Kuna waliosema kampeni za kuchafuana huwachosha wapiga kura wasio na chama na kuwabakiza nyumbani. Wengine wakaja wakapima upya, wakasema athari hiyo haionekani wazi, na pengine ugomvi huwaamsha watu.

Mifano ya kwao inakwenda pande zote. Mwaka 1964, San Francisco, Barry Goldwater aliuambia mkutano mkuu wa Republican kwamba msimamo mkali katika kutetea uhuru si uovu. Ukumbi ulishangilia. Novemba akapata majimbo 6, Lyndon Johnson 44. Agosti 1992 huko Houston, Pat Buchanan alitangaza kwamba nchi iko kwenye vita vya kidini na vya utamaduni. George Bush aliyekuwa anapigiwa debe siku ile akashindwa na Bill Clinton. Lakini msikimbilie kusema hotuba ndiyo iliyomwangusha. Uchumi ulikuwa mbaya, na Ross Perot alichukua karibu asilimia 19 ya kura. Halafu mwaka 2016, Cleveland, wajumbe wanaimba Hillary Clinton afungwe jela, na Donald Trump akashinda, ingawa kwa kura za wananchi kwa ujumla alizidiwa kwa karibu milioni 3.

Ninachokiona mimi ni kwamba ukumbi na nchi ni hadhira mbili, na mwenye maikrofoni anaisikia moja tu.

Kwetu hapa, 2016 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 67 ya waliosajiliwa, 2021 wakawa chini ya 60. Ukiniuliza kama ni hotuba, nitasita. Novemba 2020 watu zaidi ya 50 waliuawa kwenye vurugu baada ya mgombea wa upinzani Kyagulanyi (Bobi Wine) kukamatwa, corona ilikuwepo, mikutano ya hadhara ilibanwa, askari barabarani. Hapo lugha ya jukwaani ni chumvi tu kwenye kidonda.

Mjumbe wa Arua

@Boda wa Jinja, nakuelewa. Ila nikuulize: yule aliyekuamsha, 2026 umempigia tena?

Boda wa Jinja

Hahaha. Mzee, hilo swali la mahakamani. Sijapiga kabisa safari hii. Alikuwa bado anafoka yaleyale.

Mzee wa Bombo

Vijana, mnaongea kana kwamba uchafu huu ulianza na simu.

1996 vyama vilikuwa vimefungwa lakini kampeni ilikuwa kali. Ssemogerere, kiongozi wa DP aliyeshindana na Museveni, alipoungwa mkono na watu wa UPC, chama cha rais wa zamani Obote, kambi ya Museveni ilitoa matangazo ya mafuvu ya Luwero, ya waliouawa katika vita vya miaka ya 1980. Mafuvu ya watu. Ujumbe ulikuwa: mkimpa huyu, Obote anarudi kutoka Lusaka. Mimi niko wilaya hii ya Luwero. Matangazo yale kwa mtu wa Kampala yalikuwa siasa. Kwa mtu wa hapa, lile fuvu linaweza kuwa la mjomba wake. Jirani yangu Mkatoliki, DP kuanzia ubatizo, aliliangalia gazeti, akalikunja, akaliweka chini ya godoro. Hakutueleza alimpigia nani na sisi hatukumuuliza. Museveni alipata karibu robo tatu ya kura nchi nzima.

Basi msidanganyane kwamba maneno ya kutisha hayafanyi kazi. Yanafanya kazi pale kidonda kipo kweli. Ssemogerere hakuwa muuaji wa mtu yeyote, na kila mtu hapa alijua hivyo, na bado yalifanya kazi. Haya ya siku hizi ya nani kamwoa nani ni kelele za baa.

Sauti ya Asubuhi

Mimi niko redioni, kituo sikitaji. Naomba niwaeleze jambo mnalolisahau: ninyi wengi hamkusikia hotuba, mlisikia tulichokata.

Mwaka huu wa kampeni nililetewa rekodi ya mkutano mmoja. Hotuba ndefu kama saa nzima. Ndani yake kulikuwa na maneno ya bei ya kahawa, ya mikopo ya muluka, na hata ya vituo vya afya, mjumbe, ingawa si mkutano wako. Na kulikuwa na sentensi mbili za matusi. Habari yetu ina dakika tatu. Mhariri akanitazama, nikamtazama, hakuna aliyesema kitu. Tukarusha zile mbili. Simu zilijaa mpaka laini ikagoma, na kipindi kilichofuata kikapata tangazo la sabuni.

Zamani kulikuwa na bimeeza, ile midahalo ya hadharani redioni. Msikilizaji anashika maikrofoni mwenyewe, anambana mwanasiasa uso kwa uso: umesema hivi, fafanua. Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda, serikali ikaipiga marufuku. Tangu hapo mwanasiasa anaongea, sisi tunakata, ninyi mnasambaza kwenye simu. Anayeuliza swali la pili hayupo. Kwa maoni yangu hili limeharibu zaidi kuliko ukali wa ulimi wa mtu yeyote.

Mkaa Kisenyi

@Sauti ya Asubuhi, na mngerusha ya kahawa?

Sauti ya Asubuhi

Tuliwahi, siku nyingine. Walipiga wawili. Mmoja alikuwa anataka kuombewa wimbo.

Dada wa Gombolola

Mie fupi. Nilikuwa nawania kiti cha wanawake ndani ya chama. Mkutano wa wilaya, mwanamume mmoja akashika maikrofoni akauliza mbele ya wote nimelala na nani mpaka nikafika pale. Watu walicheka. Wanawake nao walicheka, wakiangalia chini. Nilibaki mpaka mwisho na nikashinda hicho kiti. Lakini mabinti watatu niliokuwa nimewashawishi wagombee ngazi ya chini walirudisha fomu. Mnahesabu wapiga kura waliokaa nyumbani. Na wagombea waliokaa nyumbani, nani anawahesabu?

Mama Mitumba, Busia

Dada, hapo umenigusa. Na huyo bwana alichukuliwa hatua?

Dada wa Gombolola

Alipewa kamati ya uhamasishaji.

Kilima Kasese

Nimesoma yote, naona mnaelekea kusema anayetukana hushindwa. Ngoja niwaharibie.

Huku kwetu alikuwepo mgombea mmoja, mwalimu mstaafu, kwenye mkutano wa chama alitukanwa karibu nusu saa na mshindani wake. Mwizi wa karo, mchawi, mlevi. Zamu yake ilipofika alisema hatajibu, akafungua daftari lake, akasoma mpango wa barabara ya kuteremsha kahawa kutoka mlimani: wapi pa kuweka kalavati, wapi maji huikata njia kila mvua, vijiji gani vichangie mchanga. Mpango mzuri. Ulihusu shamba langu pia. Wajumbe walikuwa wanatoka nje kununua soda.

Siku ya kura ya chama, ambapo kila mtu husimama nyuma ya mgombea wake, nyuma ya mwalimu tulikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alimwona mwenzake vizuri. Yule mtukanaji mstari wake ulizunguka uwanja. Baadaye niliwauliza wawili watatu kwa nini. Hawakusema waliamini matusi. Walisema, "Huyu akienda Kampala ataweza kugombana kwa ajili yetu."

Barabara haijatengenezwa. Mbunge bado anagombana.