Farasi wangu anahangaika trela ikitembea. Niipangeje ndani ili asafiri salama?

BintiZizi

Habari zenu wakuu. Nina farasi jike, mkubwa wa mwili, mpole kazini na zizini. Kuingia kwenye trela hanisumbui kabisa, nikimwongoza anapanda. Shida ni gari likishaondoka. Barabara ikinyooka anatulia, lakini tukifika kwenye kona nasikia kwato zinapiga ukuta na trela nzima inayumba. Tukisimama namkuta ameloa jasho shingoni na mapajani, anatetemeka. Safari iliyopita alichubuka juu kidogo ya ukwato wa nyuma.

Trela ni ya farasi wawili wanaosimama wakitazama mbele. Kiambaza cha katikati kinashuka mpaka sakafuni. Yeye husafiri peke yake, upande wa kushoto. Kwenye ukuta wa nje kuna mikwaruzo ya kwato, inaanzia chini kabisa na kupanda hadi karibu na usawa wa goti lake. Kwenye kiambaza hakuna mkwaruzo hata mmoja, ila pale anapogusisha bega na paja pamenata jasho na manyoya.

Nataka kuipanga upya ndani. Kuna aliyenishauri nimgeuze atazame nyuma, mwingine kasema achomwe sindano ya kumtuliza. Naombeni msaada, namhurumia sana mnyama huyu.

KwatoNne

Umefanya vizuri kuielezea hiyo mikwaruzo, maana ndiyo inayosema kila kitu. Farasi wako anaegemea kiambaza kwa mwili, miguu inamteleza kwenda upande wa pili, halafu inaparamia ukuta ikitafuta pa kukanyaga. Huo si ukaidi, na trela yenyewe haiogopi, angeiogopa angegoma mlangoni. Anakosa mizani.

Farasi akiyumbishwa hutanua miguu. Kiambaza kinachofika sakafuni kinamzuia kufanya hivyo, hasa mwenye mwili mpana. Kwa kuwa anasafiri peke yake, mpe nafasi yote. Lakini kabla hujakitoa kiambaza, angalia mabomba ya kifuani na ya nyuma yameshikwa na nini. Kama yana upana wa trela nzima, kitoe. Kama ni vipande viwili vinavyoshikiliwa katikati na hicho hicho kiambaza, usithubutu, utamwacha bila kitu cha kumzuia mbele wala nyuma. Hapo tafuta mabomba marefu yaliyotengenezwa kwa ajili ya trela yako, au weka kiambaza kifupi kinachoishia usawa wa tumbo, na chini yake ining'inie raba nzito inayopinda mguu ukiisukuma.

MzeeHatamu

Binti yangu, hilo la kutazama nyuma lina msingi wake. Farasi hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Akitazama mbele, kila ukishika breki anasukumwa kuelekea huko huko kwenye uzito, na ukiondoa gari anarudi nyuma. Akitazama nyuma, breki humsukumia matakoni, sehemu yenye misuli ya kuhimili. Farasi walioachwa bila kufungwa ndani ya trela, wengi wao hugeuka wenyewe wakatazama nyuma au wakasimama mshazari.

Pamoja na hayo, usimgeuze kwenye trela hiyo uliyonayo. Imepangwa kwa uzito wa farasi anayetazama mbele. Ukimgeuza, uzito unahama, mzigo unaokaa kwenye ndoano ya gari unapungua, na trela yenye pua nyepesi huanza kuchezacheza barabarani. Tena kichwa chake kitakuwa upande wa mlango, na mabomba hayatamfaa kwa urefu. Wanaotaka mtindo huo hununua trela iliyoundwa hivyo tangu kiwandani.

SukaniTaratibu

Nimesoma yote na naona tunaizungumzia trela tu. Mimi nataka kujua dereva anakataje kona! Punguza mwendo gari likiwa bado limenyooka, usishike breki katikati ya kona, na usikanyage mafuta mpaka trela nayo imemaliza kupinda. Madereva wengi huongeza mwendo gari lao likishanyooka, wakati farasi bado yuko ndani ya kona.

Upande nao una maana. Barabara nyingi huinuka katikati na kuteremka pembeni, kwa hiyo ukimbakiza upande mmoja, awe upande wa katikati ya barabara. Kama kwenu mnaendesha kushoto, huo ni upande wa kulia, yaani umekuwa ukimweka upande usiofaa. Na trela ikishafungwa kwenye gari isimame sawa, isiinue pua wala kuinama. Pima upepo wa tairi zote.

DawaNaKwato

Kuhusu sindano: dawa ya kutuliza hupunguza uwezo wa farasi kujishikilia, na huyu tatizo lake ni hilo hilo. Asichomwe kitu bila daktari wa mifugo. Afadhali umwite daktari akague mgongo na viungo vya miguu ya nyuma, kwa sababu farasi mwenye maumivu huko hushindwa kujikaza kwenye kona hata trela ikiwa nzuri namna gani.

BintiZizi

Asanteni sana. Nimekwenda kuangalia, mabomba ni vipande viwili, kwa hiyo kiambaza hakitoki mpaka nipate mabomba marefu. Nitamhamishia kulia kwanza. Swali: kamba ya kichwani niiache ndefu kiasi gani? Huwa namfunga kwa ufupi ili asigeuke.

DawaNaKwato

Hapo pa kurekebisha leo leo. Farasi hutumia shingo na kichwa kujiweka sawa, ukimbana kichwa juu unamwondolea hilo. Tena kichwa kikikaa juu muda mrefu, makamasi na vumbi havitoki kwenye njia ya hewa, na hapo ndipo inapoanzia homa ya mapafu ya safarini. Kamba imruhusu kushusha pua mpaka chini ya usawa wa kifua, ila isiwe ndefu hadi mguu wa mbele uweze kuivuka. Fungia kwenye kipande cha uzi kinachokatika akivuta kwa nguvu, na fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Nyasi zilowanishe kuua vumbi, madirisha ya juu yaachwe wazi. Safari ikiwa ndefu, simama kila baada ya saa chache apumzishe miguu, umpe maji na kumwacha ashushe kichwa.

KwatoNne

Na sakafu! Ng'oa mikeka ya raba uangalie mbao chini yake, mkojo huozesha bila kuonekana. Mikeka isiteleze ikiwa imeloa.

Baada ya kupanga, mlishe ndani trela ikiwa imesimama, kisha mzunguko mfupi usio na kona kali, akirudi mkavu ndipo uongeze. Weka kamera ndogo ndani uone anasimamaje, usipande naye humo trela ikitembea.

MzeeHatamu

Nyongeza moja, binti. Wakati wa kupakia, funga bomba la nyuma kwanza ndipo ufunge kamba ya kichwa. Wakati wa kushusha, fungua kamba kwanza ndipo ufungue nyuma. Farasi aliyefungwa kichwa akiona nyuma kumefunguka hurudi kwa nguvu, akikuta kamba inamshika anapandwa na hofu, na hapo anaweza kuvunjika au kukuvunja.

BintiZizi

Nimekuelewa, mzee wangu. Daktari anakuja wiki hii kukagua mgongo, na mabomba marefu nimeshayaagiza. Hatasafiri mpaka yafike.