Miezi miwili barabarani na paka ndani ya gari-nyumba: nimzoeshe vipi?

MleziWaNyau (mwuliza swali)

Salamu kwenu nyote. Mimi na mume wangu tumenunua gari-nyumba lililokwisha kutumika, lenye kitanda, jiko, choo na sehemu moja ya ukuta inayosukumwa nje ili chumba kipanuke tukiwa tumesimama, na tumekusudia kusafiri nalo kwa miezi miwili. Tuna paka jike wa miaka 6 ambaye tangu udogo wake hajawahi kulala nje ya nyumba yetu. Moyo wangu umekataa kumwacha kwa watu muda mrefu hivyo, lakini kila nilipompeleka kwa daktari wa mifugo alilia njia nzima huku akitokwa na udenda, nami nilirudi nyumbani nikiwa na majuto. Ninaomba mnieleze namna ya kumzoesha, na kama inafaa kumwacha atembee ndani wakati gari liko katika mwendo, kwa sababu mume wangu anaona kwamba kumfungia kizimbani kwa saa nyingi ni kumtesa. Ninahofia pia siku atakayochomoka mlangoni mahali tusipopajua.

NjiaNdefu

Dada, nimesafiri na paka wawili kwa miaka minne, na jambo lililonisaidia kuliko yote nililifanya kabla gari halijasogea. Paka huijua nyumba yake kwa harufu. Ana tezi mashavuni na kidevuni, na kila anapojisugua kwenye kona ya meza huacha alama inayomhakikishia kwamba mahali hapo ni pake. Gari lenu kwake ni ugenini mtupu, hata likiwa limeegeshwa mlangoni pa nyumba anayoijua. Kwa hiyo mimi nililala ndani ya gari pamoja nao, nikawalisha humo, nikawawekea blanketi lao bila kulifua na sanduku lao lile lile la mchanga wa kujisaidia, nikangoja. Zilipita kama wiki mbili ndipo nilipowaona wakijisugua kwenye milango ya makabati, na siku hiyo niliwasha injini nikaizima bila kuondoka. Baadaye tulikwenda mwendo wa dakika tano, kisha robo saa, kisha saa nzima, na kila mmoja wao alipoonyesha hofu nilirudi kwenye hatua iliyotangulia.

Kuhusu kumwacha huru gari likitembea, shemeji anisamehe, sikubaliani naye. Paka aliyeshtuka hutafuta mahali pembamba penye giza, na chini ya kanyagio la breki ni mahali pa namna hiyo hasa. Tafuteni kizimba kigumu, kikubwa kiasi cha yeye kusimama na kujigeuza, mkifunge kwa mkanda wa usalama mbali na mfuko wa hewa wa kiti cha mbele, na mkifunike nusu kwa shuka. Kila baada ya saa mbili au tatu simameni, hakikisheni milango na madirisha yote yamefungwa, ndipo mmfungulie anywe maji na kujinyoosha. Kizimba kikikaa wazi nyumbani na chakula kikiwekwa humo, mtashangaa jinsi atakavyoingia mwenyewe kulala.

KambiNaKambi

Ninaomba niseme kuhusu ule ukuta unaosukumwa, kwa sababu ulikaribia kuniulia paka. Nilidhani amelala kitandani, nikabonyeza swichi ya kuurudisha ndani, na mke wangu akapiga kelele alipoona mkia ukitokeza kwenye upenyo ulio nyuma ya kochi. Niliachia swichi papo hapo, na paka alitoka mzima. Mikono yangu ilitetemeka jioni yote. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa swichi hiyo kabla ya paka kuingizwa kizimbani na kuonekana kwa macho.

Kwa upande wa mlango, mvalisheni mkanda wa kifuani unaombana vizuri, kwa kuwa ukanda wa shingoni peke yake huvuka kichwa kwa urahisi, na mmzoeshe kuuvaa ndani kwa siku nyingi. Awekewe pia chipu chini ya ngozi. Kumbukeni tu kwamba chipu hiyo hubeba namba, kwa kawaida ya tarakimu 15, wala haionyeshi mahali alipo, kwa hiyo namba yenu ya simu isiposajiliwa pamoja nayo haitawasaidia. Akitoroka msikimbilie mbali. Paka wa ndani aliyeogopa mara nyingi hujificha karibu na alipotokea, na hunyamaza kimya hata akiitwa na mtu anayempenda. Tafuteni chini ya magari na vichakani usiku kwa tochi, maana macho yake yatang'aa, na msihamishe gari.

DaktariWaWanyama

Udenda na kilio mnavyovieleza vinafanana sana na kichefuchefu cha safari. Msimpe mlo mkubwa saa chache kabla ya kuondoka, lakini maji msimnyime. Zipo dawa za kuzuia kutapika na za kupunguza hofu ambazo daktari wenu anaweza kuzipima kulingana na uzito wake, na ni vyema dozi ya kwanza aijaribu mkiwa nyumbani. Msimpe kamwe dawa ya binadamu kwa kukisia, kwani parasetamoli humuua paka.

Joto ndilo linalonitia hofu zaidi. Kipoza hewa hutegemea umeme, na umeme wa kambini ukikatika mkiwa matembezini gari hugeuka tanuri kwa muda mfupi. Mkimwacha peke yake, kiwepo kifaa cha kupima joto kinachowatumia taarifa kwenye simu, na muwe karibu kiasi cha kurudi upesi. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa yuko hatarini tayari. Vilevile, akikataa chakula siku nzima pigeni simu kwa daktari msingoje, kwa sababu ini la paka asiyekula hujaa mafuta na kushindwa kazi. Mkivuka mipaka, ulizieni mapema masharti ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka chipu iwekwe kabla ya chanjo, kisha zipite siku 21 baada ya chanjo ya kwanza.

MleziWaNyau

Nimemsomea mume wangu majibu yote, naye amekubali kizimba. Tumeahirisha safari kwa mwezi mmoja, na leo usiku tunalala garini hapa hapa uani. Limebaki jambo moja: sanduku la mchanga tuliweke wapi, na uchafu wake tuumwage chooni?

NjiaNdefu

Liwekeni bafuni, sakafuni penye kuogea, mbali na bakuli la chakula. Chooni msimwage hata kidogo. Mchanga unaogandamana hufura ukikutana na maji na kuziba tangi la maji machafu, na kulizibua ni kazi ya siku nzima. Ufungeni katika mfuko na muutupe kwenye pipa la takataka kila asubuhi kabla ya kuondoka.