Naombeni ushauri: Jumamosi naendesha velomobili kwa mara ya kwanza

Mguu Chuma
Wakuu, habari za wakati huu. Rafiki yangu ana velomobili, ile baiskeli ya matairi matatu unayoendesha umejilaza, miguu mbele, mwili mzima umefunikwa na gamba kama kobe, kichwa tu ndiyo kiko nje. Amesafiri, kaniachia mpaka Jumatatu. Baiskeli ya kawaida naendesha miaka na miaka, kilomita 60 natoboa bila shida. Lakini jana nilipochungulia ndani ya hili dude nikaona giza, cheni inapita chini ya kiti, usukani ni fimbo moja tu katikati. Nikarudisha kifuniko. Naogopa mambo mawili: kubanwa humo nishindwe kutoka, na magari kutoniona, maana nitakuwa chini mno. Mliowahi kuendesha, nianzie wapi?

Kobe Mwendokasi
Mkuu, usianze kwa kuendesha. Ingia na utoke mara kumi hapo hapo uani. Funga breki ya kuegeshea, simama juu ya kiti kwa miguu yote miwili, shika kingo za gamba kulia na kushoto, tanguliza miguu, kisha shusha makalio. Kutoka ni kinyume chake. Ikifika mara ya kumi hofu ya kubanwa itakuwa imeisha yenyewe.

Halafu pima pedali. Weka kisigino kwenye pedali iliyo mbali, goti linyooke. Kama mwenyewe ni mrefu kuliko wewe utakuwa unaifukuza pedali kwa nyonga, na jioni kiuno kitakusimulia.

Mama Gia
Naongezea viatu. Vaa vile vinavyonasa kwenye pedali, hilo halina mjadala. Velomobili nyingi zina matundu ya miguu sakafuni, na ukiwa umejilaza mguu ukichomoka unaangukia lami huku chombo kinatembea, unavutwa nyuma. Sitaki kukueleza zaidi.

Gia ishushe KABLA ya kusimama. Huna nafasi ya kunyanyuka ukanyage kwa uzito wa mwili.

Mzee wa Fitna
Hilo ni jeneza lenye pedali. Kama lingekuwa na maana mbona wanaoshindana hawalitumii?

Kobe Mwendokasi
@Mzee wa Fitna wamekatazwa, mzee wangu. Mwaka 1933 Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja, akiwa amejilaza kwenye baiskeli ya Charles Mochet: kilomita 45.055. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kikazifungia nje. Na ile haikuwa hata na gamba. Yenye gamba, ya matairi mawili, Todd Reichert aliipeleka kilomita 144.17 kwa saa huko Nevada mwaka 2016, kwa miguu yake tu. Adui ni hewa: ukitaka kuipasua kwa mwendo mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara nane. Gamba ndilo linalokupunguzia huo mzigo.

Mama Gia
Ila mlimani mleta uzi atapitwa na kila mtu. Unabeba kilo 25 au 30 za chombo. Meza tu.

Pancha Tatu
Mkuu, fimbo ya usukani ishike kwa vidole. Ukiikaba kama shingo ya kuku, kila ukikanyaga pedali mkono nao unavuta, chombo kinayumba. Kwenye kona punguza mwendo mapema na uegemeze kichwa na mabega upande wa ndani, la sivyo tairi la ndani linanyanyuka. Upepo wa ubavuni ukikupiga ghafla usipambane nao, rekebisha kidogo kidogo. Mteremko mrefu usikalie breki: zile za ngoma zikipata moto zinalegea.

Kuonekana: washa taa hata mchana, bendera iwe juu, vioo viwili, na usijibanze pembeni mwa barabara. Ubavuni mwa lori usikae hata sekunde.

Mguu Chuma
Wakuu, mrejesho. Kilomita 18 jana, nimerudi mzima.

Kwenye tambarare lile dude linateleza mpaka unajishtukia. Kelele sasa! Kokoto moja iligonga gamba nikadhani nimepigwa risasi. Kwenye makutano nilisahau gia, Mama Gia nisamehe, nikakanyaga mapaja yanatetemeka huku nyuma wanapiga honi. Kugeuza barabara nyembamba nikashindwa, nikashuka, nikanyanyua mkia kwa mkono, nikauzungusha.

Kuhusu kutoonekana: dereva wa lori alipunguza mwendo akatoa simu, akanipiga picha.

Tatizo moja, jasho. Mgongo ulilowa kama nimeogeshwa. Ndivyo ilivyo?

Mama Gia
Joto lipo, ila si hivyo. Chungulia tundu la hewa pale puani mwa gamba.

Mguu Chuma
Nimechungulia. Jamaa ameliziba na soksi.