Azimio la kumpongeza askari wa dawa za kulevya lina uzito gani kisheria?

Mama Tunu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mume wangu amefanya upelelezi wa dawa za kulevya miaka kumi na tisa hapa Marekani. Ni askari wa kaunti, lakini miaka kumi na moja ya mwisho amekuwa kwenye kikosi kazi cha pamoja na DEA, idara ya serikali kuu ya kupambana na dawa za kulevya. Aliapishwa upya, akapewa kitambulisho cha serikali kuu na mamlaka ya kukamata kwa sheria za dawa za kulevya za taifa. Mshahara ukaendelea kutoka kaunti kama zamani.

Mwezi uliopita bunge la jimbo letu lilipitisha azimio la kukitambua kikosi chake, nasi tukaalikwa. Lilisomwa kwa sauti, "Kwa kuwa… Kwa kuwa…" mara saba, nilihesabu, na mwisho "Kwa hiyo, iazimiwe." Wabunge wote wakasimama. Alikuwa amenishika mkono, na kile kidole chake cha shahada hakikunji tangu mlango umbane kwenye upekuzi mmoja wa alfajiri. Nililia pale pale.

Sasa karatasi iko ukutani kwenye fremu, naisoma kila nikipita, na swali haliniachi. Siku ile ya mlango aliumia bega pia. Ofisi moja ikasema alikuwa kwenye kazi ya serikali kuu, aende huko. Nyingine ikasema mwajiri wake ni kaunti, arudi huko. Miezi tisa fomu zinazunguka, mwisho bili za bega tumezilipa kwa akiba yetu, naye akaniambia niache, amechoka. Azimio linasema "amelitumikia taifa hili". Je, naweza kulipeleka kama ushahidi? Na Bunge la Marekani lenyewe, limewahi kuwatambua watu hawa kwa kitu zaidi ya maneno?

Naomba nieleweke, heshima siibezi. Aliyewahi kukaa macho hadi saa kumi usiku anasubiri gari liingie uani atajua lile kusimama kwao lilikuwa na maana gani kwangu.

Mzee wa Kanuni

Dada Mama Tunu, hongereni kwa heshima hiyo, na pole kwa bega.

Azimio la pongezi si sheria. Ni kauli ya bunge, basi. Hata lile la Bunge la Marekani la mwaka 2008, la kuwaheshimu wanaume na wanawake wa DEA ilipotimiza miaka 35 (ilianzishwa tarehe 1 Julai 1973, kwa mpango wa Rais Nixon wa kuunganisha idara), ni la aina hiyohiyo. Azimio la namna hiyo haliendi kwa Rais kusainiwa, na halimpi mtu hata senti moja. Kwa hiyo kwenye dai la kuumia halitakusaidia. Liache ukutani, ndiyo mahali pake.

Unachotafuta kiko kwenye makaratasi mengine ambayo hakuna anayeyatia fremu. La kwanza ni mkataba kati ya kaunti na DEA. Kwa kawaida unasema mshahara na mafao ya askari aliyeazimwa yanabaki juu ya idara yake. Hapo ndipo ofisi ile ya pili iliposhikilia, na kwa upande wao hawakukosea.

Lakini hawakukwambia lililobaki. Sheria ya fidia ya wafanyakazi wa serikali kuu ina sehemu inayomhusu askari *asiye* wa serikali kuu. Akiumia wakati anamkamata au anajaribu kumkamata mtu kwa kosa dhidi ya Marekani, au anazuia kosa hilo kihalali, anaweza kudai fidia huko, na alichokwisha kulipwa na mwajiri wake kinazingatiwa kwenye hesabu. Niliona dai la jirani yangu likipita kwa njia hiyo, baada ya yeye pia kuzungushwa. Utahitaji hati ya kuapishwa kwake, ripoti ya upekuzi inayotaja kosa, na maelezo ya daktari.

Usikawie, dada. Maombi yana ukomo wa miaka mitano tangu siku ya kuumia. Aliumia lini?

Binti wa Kachero

Mama, shikamoo. Nijibu lile swali lako la pili, maana limenigusa. Baba yangu alikuwa kazi hiyohiyo.

Ndiyo, wamewahi, ila kwa vipande vipande. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha sheria ya mafao kwa familia ya askari anayekufa kazini, dola 50,000, ikawahusu wa majimbo na wa serikali za mitaa. Wa serikali kuu waliingizwa Oktoba 1984. Haikupita miezi minne, Februari 1985, kachero wa DEA Enrique Camarena akatekwa Guadalajara, Mexico, akateswa na kuuawa. Watu wa kwao wakaanza kuvaa utepe mwekundu kumkumbuka, na mwaka 1988 Bunge likaufanya kuwa wiki ya taifa zima, kila Oktoba. Watoto shuleni wanavaa utepe ule. Natamani kila mmoja wao aambiwe jina lake.

Baadaye kiwango kikapandishwa, na ulemavu wa kudumu kabisa ukaongezwa. Mwaka 2022 sheria ikakubali pia majeraha ya akili na, kwa masharti, askari anayejiua kwa sababu ya aliyoyaona kazini. Hicho ndicho kipande ninachokithamini kuliko vyote. Kwetu kilichelewa. Baba alizikwa kwa gwaride na hotuba nzuri sana, na mama akaambiwa kwamba kifo cha namna ile hakimo.

Kwa hiyo mama, msikilize Mzee wa Kanuni. Usiruhusu fomu ilale.

Mama Tunu

Mwanangu, marahaba. Pole sana kwa baba. Nimesoma maneno yako mara mbili na nimemsomea mume wangu, akatoka nje kidogo, kisha akarudi.

Mzee wangu, hakuna aliyewahi kututajia sehemu hiyo. Ofisi zote mbili, miezi tisa, hakuna. Jana usiku tumetoa droo yote. Hati ya kuapishwa ipo, na chini kabisa ripoti ya upekuzi, ikiwa na doa la kahawa na jina la kosa limeandikwa wazi: kula njama ya kusambaza dawa za kulevya, chini ya sheria ya shirikisho.

Tarehe ni miaka minne na miezi minane iliyopita. Daktari wa bega tunamwona Jumatatu asubuhi, na fomu nimeshaanza kuijaza kwa mkono wangu, yeye ananitajia.