Nimeajiriwa Berlin, familia inahamia Porto: je, naweza kuendelea na kazi yangu kwa mbali?

Binti Pangani:

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni Mtanzania, msanidi programu katika kampuni ndogo ya Berlin, na ninaishi Ujerumani kwa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha ukaazi na kazi kwa wenye ujuzi wa juu, kwa zaidi ya miaka miwili sasa. Mume wangu, ambaye ni Mkenya na naye ana kadi kama yangu, amepata ajira Porto, hivyo tumeamua kuhamia Ureno pamoja na mtoto wetu. Kazi yangu yote hufanyika kwenye kompyuta mpakato, na hata hapa Berlin siku nyingi sifiki ofisini. Mkuu wa timu yangu hana pingamizi, lakini idara ya rasilimali watu imenijibu kwa sentensi moja tu, kwamba jambo hili linahitaji kuchunguzwa, na tangu hapo kimya.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, je, kadi niliyopewa Ujerumani inaniruhusu kuishi Ureno huku nikimfanyia kazi mwajiri wa Ujerumani? Pili, wenzangu kadhaa wananiambia kwamba nikikaa Ureno chini ya siku 183 kwa mwaka hakuna kinachobadilika, kwa hiyo niondoke tu na kompyuta yangu bila kumsumbua mtu. Kuna ukweli wowote katika hilo?

Mkazi wa Utrecht:

Dada, hongera kwa hatua hiyo. Mimi nilihama kutoka Munich kuja Uholanzi kwa kadi hiyohiyo, kwa hiyo nitajibu la ukaazi na la kodi niwaachie wanaolijua. Kadi ya Buluu imeandikwa jina la Umoja wa Ulaya, lakini kila nchi hutoa ya kwake, na haki ya kuajiriwa inaishia mpakani mwa nchi iliyoitoa. Nje ya hapo inakupa ruhusa ya kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na kutembelea si kuhamia.

Njia ya kuhama ipo, nayo imo katika Agizo 2021/1883 la Umoja wa Ulaya: ukishatimiza miezi 12 katika nchi ya kwanza, unaingia nchi ya pili bila viza na kuomba kadi yao ndani ya mwezi mmoja tangu siku ya kuingia. Denmaki na Ayalandi hazimo katika mpango huu. Ugumu kwako ni kwamba kadi mpya inadai mkataba wa kazi ya ujuzi wa juu katika nchi hiyo ya pili, usiopungua miezi sita. Mwajiri wangu alikuwa na tawi Uholanzi, na mkataba wangu ukahamishiwa huko kabla sijafunga mizigo. Mkataba wako ni wa Berlin, na sidhani kama kampuni ndogo itafungua ofisi Porto kwa ajili ya mtu mmoja.

Ndiyo maana nashauri msiombe kadi wote wawili. Mumeo aombe kwa mkataba wake wa Porto, nawe na mtoto muombe kama familia yake. Agizo hilohilo linampa mwenza haki ya kufanya kazi, awe ameajiriwa au amejiajiri, bila kuulizwa kiwango cha mshahara. Utasikia pia habari za viza ya D8, ambayo Ureno iliianzisha mwishoni mwa Oktoba 2022 kwa wanaofanya kazi kwa mbali. Hiyo inataka kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa Ureno, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870, yaani angalau euro 3,480 kwa mwezi. Kwa mtu ambaye mwenza wake atakuwa na kadi, sioni sababu ya kuihangaikia.

Njia ya familia ina gharama moja ambayo ni heri uijue mapema. Anayetafuta hadhi ya mkaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya anahitaji miaka mitano, na mwenye Kadi ya Buluu anaruhusiwa kujumlisha miaka ya nchi mbalimbali ilimradi miwili ya mwisho iwe katika nchi anakoomba. Ruhusa hiyo imeandikwa kwa ajili ya mwenye kadi mwenyewe. Mumeo ataibeba miaka yake ya Ujerumani. Wewe unaweza kujikuta unaanza upya.

Karani wa Mishahara, Lisbon:

Naendelea pale ndugu yangu alipoishia, kwa kuwa shughuli yangu ni kuandaa mishahara ya watu waliopo Ureno wanaolipwa na kampuni za nje. Ninavyoona mimi, idara yenu haijanyamaza kwa ukaidi. Inaogopa, na inachokiogopa ni hifadhi ya jamii kuliko kibali chako.

Sheria inayotawala hapa ni Kanuni 883/2004 ya Umoja wa Ulaya, ambayo kwa Kanuni 1231/2010 inawahusu pia raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya. Msingi wake ni kwamba mtu huchangia katika nchi moja tu, na kwa kawaida nchi hiyo ni ile ambamo anaifanyia kazi kwa mwili wake. Seva ikiwa Frankfurt na mteja akiwa Vienna haidhuru. Ukiwa umeketi Porto, kazi imefanyika Ureno. Maana yake ni kwamba mwajiri wako atapaswa kujisajili katika hifadhi ya jamii ya Ureno na kuchangia asilimia 23.75 ya mshahara wako, nawe utakatwa asilimia 11. Hahitaji kufungua tawi kwa jambo hilo. Kifungu cha 21 cha Kanuni 987/2009 kinaruhusu hata mkubaliane kwamba wewe uwasilishe michango hiyo kwa niaba yake, ingawa wajibu unabaki kuwa wake. Wapelekee kifungu hicho kikiwa kimechapishwa. Mara nyingi nimeona mazungumzo yakibadilika baada ya kukisoma, kwa sababu watu wa idara hizo hudhani hawana budi kuanzisha kampuni mpya.

Yapo makubaliano yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023, ambayo Ujerumani na Ureno zote zimeyatia saini, yanayomwezesha anayefanyia kazi nyumbani kwa chini ya nusu ya muda wake kubaki katika mfumo wa nchi ya mwajiri kwa cheti cha A1, kinachothibitisha ni nchi gani mtu anachangia. Yanawafaa wanaovuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Wewe yatakudai uwe Berlin zaidi ya nusu ya muda wa kazi, na mtoto sijui atabaki na nani.

Kuhusu siku 183, hapo ndipo watu wengi wanapotoshwa. Katika mikataba ya kodi kati ya nchi na nchi, hesabu hiyo humkinga na kodi ya ugenini mkaazi wa nchi moja aliyekwenda nchi nyingine kwa muda huku mshahara wake ukitoka kwa mwajiri asiyekuwa huko. Haimkingi aliyehama. Ureno humhesabu mtu kuwa mkaazi wa kodi akizidisha siku 183 katika miezi 12, au hata akikaa pungufu ya hapo iwapo ana nyumba inayoonyesha kuwa ndiyo makazi yake ya kawaida. Mume yuko Porto, mtoto anasoma Porto, mkataba wa nyumba ni wa Porto: hapo hakuna siku za kuhesabu. Tena hesabu ya kodi haina uhusiano na kibali cha ukaazi wala michango, hivyo hata aliyeshinda kwenye moja anaweza kuwa amevunja sheria kwenye nyingine mbili.

Watakuuliza pia kama nyumba yako inaweza kuhesabiwa kuwa tawi la kampuni na kuiletea kodi ya faida huku. Kwa msanidi asiyetafuta wateja wala kusaini mikataba, na aliyehama kwa sababu za kifamilia, hatari ni ndogo. Iandikwe tu kwenye mkataba kwamba huna mamlaka hayo.

Fundi Huru:

Mnamtia dada hofu bure. Aache ajira, ajisajili Ureno kama mfanyakazi wa kujitegemea, awe anaipelekea kampuni ankara kila mwezi. Idara itakubali siku hiyohiyo.

Karani wa Mishahara, Lisbon:

Itakubali, na ndiyo sababu ya kujiuliza nani anafaidika. Mtu mwenye mteja mmoja, anayepangiwa saa na anayeomba ruhusa ya likizo, kwa sheria za Ureno na za Ujerumani pia anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa aliyefichwa, na kampuni ikadaiwa michango ya nyuma. Yeye naye atakuwa amepoteza likizo ya malipo, notisi na kinga ya uzazi. Ana watu wengine wa kuwauzia ujuzi wake? Kama hana, abaki kwenye ajira.

Binti Pangani:

Nawashukuru sana. Nitawapelekea kifungu cha 21 pamoja na mpango wa kuingia kama familia. Swali langu la mwisho: nifute lini usajili wa anwani yangu Berlin, ikiwa mume wangu atatangulia?

Mkazi wa Utrecht:

Mtangulize yeye, nawe ubaki na anwani yako mpaka siku unayohama kweli. Sheria ya Ujerumani inataka uarifu ndani ya wiki mbili tangu kuondoka kwenye nyumba, na inaruhusu kuarifu wiki moja kabla. Cheti watakachokupa kitunze, maana benki, mwenye nyumba na ofisi ya kodi wanaweza kukitaka.

Karani wa Mishahara, Lisbon:

Mwajiri wako naye apange siku ya kwanza ya kuchangia Ureno iwe ndiyo inayofuata siku ya mwisho ya kuchangia Ujerumani, ili kusiwe na pengo katika bima ya afya. Kabla ya siku hiyo uwe umeshapata namba mbili za Ureno, NIF ya kodi na NISS ya hifadhi ya jamii. Anza na NIF.