Mnaokesha kupanga mgombea urais wa CCM 2030, hivi 2015 mmeisahau yote?

Wakuu habari zenu, leo nimekuja na hasira kwa hiyo mniwie radhi mapema.

Hapa Tanga siku hizi ukikaa kijiwe chochote cha kahawa, iwe Ngamiani iwe Makorora, hata kashata hujamaliza ushasikia 2030 fulani, 2030 fulani. Uchaguzi umepita juzi tu Oktoba 2025, nchi bado ina vidonda, watu washagawana kambi! Huyu anakwambia Nchimbi keshapita kwa sababu ni Makamu wa Rais, yule anaapa ni Mwigulu maana uwaziri mkuu ndo ngazi yenyewe, mwingine katoka huko na Hussein Mwinyi, ati anamaliza urais wa Zanzibar 2030 hiyohiyo kwa hiyo anavuka maji tu. Machawa nao washaanza kutengeneza mabango ya kurusha kwenye simu, sijui nani kawatuma.

Sawa, kubashiri hakukatazwi. Mama Samia alishika nchi Machi 2021, akakaa zaidi ya miaka mitatu ya kipindi cha Magufuli, kwa katiba hiki alichonacho ndo cha mwisho, lazima mtu atafutwe. Ila nyie mnabishana majina usiku kucha na hakuna hata mmoja anayeuliza huyo mtu atapatikana kwa njia gani.

Haya turudi 2015. Waliochukua fomu CCM walikuwa zaidi ya 40, fomu moja milioni, na unazunguka mikoa 15 kutafuta wadhamini 450. Bilal alikuwa Makamu wa Rais, akachukua. Pinda Waziri Mkuu, akachukua. Wote wawili hata tano bora hawakuiona! Leo mtu ananiambia cheo kinambeba fulani, cheo kipi hicho? Lowassa ndo usiseme, wadhamini walijaa mamia ya maelfu huko mikoani, Kamati Kuu ikakaa Dodoma ikarudi na majina matano yeye hayumo, wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba wana imani naye mpaka sauti zikakauka na haikusaidia kitu. Na mnajua nani alitoka mbele ya waandishi na wenzake wawili kusema hawaungi mkono uamuzi wa Kamati Kuu? Nchimbi huyohuyo mnayemuimba leo. Mwigulu naye alikuwemo kwenye lile kundi la waliokatwa. Yaani hao wawili wangekaa hapo kijiweni wangewacheka.

Halafu kuna hawa wa zamu. "Tanga hatujawahi kutoa rais safari hii zamu yetu." Zamu iliandikwa wapi jamani? January Makamba wa Bumbuli alifika tano bora 2015, tukashangilia hapa mji mzima, Halmashauri Kuu ikapeleka watatu tu Mkutano Mkuu, Magufuli, Migiro na Amina Salum Ali, Magufuli akaondoka na kura 2,104. Na 2025 jina la January halikurudi hata kwenye ubunge wa jimbo lake mwenyewe. Hiyo zamu inakuja na treni gani?

Wazee wanaikumbuka 1995, kura za CCM za kutafuta mgombea urais, Kikwete kaongoza raundi ya kwanza, raundi ya pili Mkapa kampita 686 kwa 639, pale mjumbe alikuwa na kazi ya kufanya kweli. Linganisha na Januari 2025, wajumbe wameitwa Dodoma kwa ajenda nyingine, hoja ikaibuka humohumo ukumbini, mkutano ukageuka wa kumpitisha Mama kuwa mgombea, hakuna fomu hakuna mchujo, makofi tu. Aliyehoji aliishia wapi mnajua, Dk. Godfrey Malisa alifukuzwa chama.

Kwa hiyo mimi utabiri wangu huu hapa. Wakirudisha ule utaratibu wa 2015 fomu zitachukuliwa kama njugu na hao wanaotajwa sana sasa hivi ndo watakaokatwa wa kwanza, atabaki mtu ambaye hakuna kijiwe kinamtaja. Wakifuata njia ya Januari 2025 basi jina litakuja limeshaiva, mtaletewa mshangilie. Mimi naona hii ya pili ina nguvu zaidi, sipendi ila naona.

Niliandika hayahaya kwenye grupu la tawi letu, nikauliza tu kwani tusianze kudai majina matatu yafike Mkutano Mkuu kama zamani? Nikaondolewa. Bila salamu! Admini mwenyewe ndo yule anayeposti picha ya mgombea wake kila asubuhi.

Uchaguzi wa ndani ya chama unafanyika kila miaka mitano, 2012, 2017, 2022, maana yake unaofuata ni 2027. Hao watakaoingia 2027 kuanzia huku matawini ndo watakaa ukumbini 2030 ama kupiga kura ama kupiga makofi. Nimewauliza wabishi wote wa kijiweni kwetu nani anagombea chochote 2027, wakaniangalia kama nimetukana. Mmoja akasema uongozi wa tawi hauna posho.

Na msianze kuniambia nihame chama, kadi nailipia mwenyewe. Nataka mtu mmoja tu anijibu, huko kwenu 2027 fomu anachukua nani?